Ujumbe Ambao Haukusomwa Mahakamani

Wazazi wangu, shikamooni. Ndugu wengine, habari za asubuhi. Nimeandika kwenye karatasi, mnisamehe. Nikisema kwa kichwa nitajieleza mno, na kujieleza ndiko kulikonifikisha hapa.

Mwenyekiti wa jumuiya amenikaribisha kama kijana aliyeshinda kesi. Ni kweli, Mahakama Kuu ilifuta hatia zangu mbili na nikatoka gerezani. Mlifunga na kusali kwa ajili yangu. Kwa hiyo naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Nilimaliza shahada ya takwimu, nikakaa hapa Temeke kwa mama miaka miwili bila kazi. Nilikuwa na mchumba, anauza kwenye duka la dawa kule Kinyerezi. Akaniacha. Aliniambia vizuri tu, tumekaa kwenye benchi nje ya duka: "Mie nimechoka. Nikikujibu sawa, unaniuliza hiyo sawa ni ya namna gani." Nyie mnacheka, lakini alisema kweli. Mimi ni mtu wa kurudia jambo kichwani mpaka liharibike.

Nikaamua kwamba hakunielewa. Nikaanza kumtumia salamu. Ndugu zangu, kwetu salamu haikataliwi. Nilimpa mama ntilie wa jirani na duka, nikampa bodaboda wa pale kijiweni, nikampa msichana wa kwaya yake. Wote walizifikisha kwa moyo mweupe: "Fulani anakusalimia sana." Kwa siku moja anasalimiwa mara nne, mara tano, na mtu ambaye yeye alikwisha kumwambia basi. Aliponizuia kwenye simu, nikanunua laini nyingine. Alipobadilisha njia ya kurudi nyumbani, nikaijua njia mpya, nikawa nasimama pale. Sijamgusa, nilijiambia kila siku. Halafu nikamwona anaongea na mwanamume mmoja, nikamwandikia ujumbe. Kesho yake akaenda polisi.

Mahakama ya wilaya ilinitia hatiani kwa kumfuatafuata na kumtishia. Kifungo, mwaka mmoja. Yule binti alipokuwa anatoa ushahidi sikumsikia. Nilikuwa kizimbani napanga kichwani maswali ya kumbana nayo.

Gerezani kulikuwa na mzee mmoja, zamani karani wa wakili, aliyewasaidia wafungwa kuandika rufaa. Nilimpelekea sababu zangu za kukata rufaa, kumi na tisa. Akazisoma, akanirudishia.

"Dogo, hii ni barua ya mapenzi. Niletee mwenendo wa kesi."

Mwenendo ni maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani. Ulipofika, akakaa nao siku mbili, akaniita.

"Ule ujumbe wa simu, ulipopokelewa kama kielelezo cha ushahidi, ulisomwa kwa sauti mbele yako?"

"Hapana. Ulipokelewa tu, ukawekwa kwenye jalada."

"Basi wewe umeshatoka. Kielelezo kisiposomwa kinaondolewa."

"Lakini mzee, niliuandika kweli."

"Nimekuuliza hilo? Rufaa haiulizi wewe ulifanya nini. Inauliza wao walifanyaje. Nyamaza nikuandikie."

Nikamwacha aandike. Lakini makaratasi yalibaki kwangu na siku za kule ni ndefu, nikausoma ushahidi wa yule binti. Ukurasa mmoja na nusu. Alisema ameacha kwaya. Alisema akiwa kazini hanywi maji, ili asilazimike kwenda chooni, maana choo kiko nyuma ya duka, peke yake. Alisema mtu yeyote akimsalimia anashtuka kwanza. Nilitafuta uongo mmoja nimshike nao. Mnanijua, nilirudia mara nyingi sana. Sikuupata.

Ningeweza kuiondoa rufaa. Niliwaza wiki nzima, nikapata sababu nzuri za kila upande, na nikiwa bado nawaza, nikaitwa kusikilizwa. Jaji akauondoa ujumbe, akasema ushahidi uliobaki hautoshi. Sheria ilifuatwa, sina neno. Lakini jaji hakusema kwamba sikufanya. Hilo nimekuja kulikuta hapa mtaani, kwamba nilisingiziwa.

Mama yake yule binti alikuwa akisali hapa nasi. Niliporudi sikumwona, nikauliza. Nikajibiwa, "Angekaaje, na mwanawe muongo?" Nikaambiwa pia mlivyosali adui yangu aaibike. Adui mwenyewe alikuwa binti wa watu, hanywi maji kazini.

Kosa la mahakama lilikuwa kutousoma ule ujumbe kwa sauti. Nausoma.

"Najua unafunga saa kumi na moja. Najua unapita nyuma ya msikiti. Nikikuona tena na huyo mtu nitakumwagia tindikali usoni, tuone atakupendea nini."

Mama, usitoke. Kaa, tafadhali. Nilikwambia nilimwandikia tu kwamba nampenda. Nilichoandika ni hicho.

Nakushukuru wewe kwanza, mama, kwa kila siku ya kutembelea wafungwa uliyokuja. Namshukuru yule mzee, alinifundisha kusoma. Na namshukuru dada mmoja mshauri, ninayekwenda kumwona kila Alhamisi hospitalini. Siku ya kwanza nilimweleza nilivyokuwa nawaza, nusu saa nzima. Akanisikiliza, akasema, "Hayo ya kuwaza tutayarudia. Sasa niambie ulifanya nini." Sijawahi kuulizwa swali fupi kama lile. Ilinichukua majuma matatu kulijibu.

Nilichojifunza ni kidogo. Kijana akikuomba umpelekee binti salamu, muulize kwanza binti kama anazitaka. Na mimi nikianza kuwaeleza nilikuwa na maana gani, nikatizeni.

Msiende kwa yule binti kumwomba msamaha kwa niaba yangu. Asilisikie jina langu tena, hata kwa heri. Lakini mama yake aliondoka hapa kwa ajili yangu na kwa ajili ya midomo yetu. Nyie nendeni kwake, mimi nitabaki. Mwambieni mwanawe alisema kweli, na kwamba aliyewaambia ni mimi.