Majina Aliyoacha Kuyasoma Kocha Harerimana Théoneste (1939–1999)

Wazazi, majirani, wachezaji wa zamani na wa sasa, na ninyi shemeji zetu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma: poleni, na asanteni kwa kufika. Mimi ni Verediane, mdogo wake marehemu, yule muuza vidagaa vya sambaza sokoni ambaye wengi wenu mnasema ana hasira. Ninazo. Nilikaa Kigoma kwa mume wangu miaka ishirini na sita, nikarudi 1995, ndiyo maana nimepewa mimi kazi hii ya kusoma kwa Kiswahili tuelewane wote. Ninasoma huku naogopa, na sioni aibu kulisema. Tazameni karatasi mliyopewa mlangoni. Pale chini, mahali pa majina ya waliobaki, pameachwa wazi. Aliyechapa hakukosea. Tutafika huko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1939, Nyamyumba, karibu na chemchemi za maji ya moto. Alizaliwa na miguu dhaifu, hata miaka mitatu ikapita hajasimama. Mama alikuwa akimkalisha kwenye maji yale kila asubuhi, akimkanda na kumwombea. Siku aliyosimama, alisimama ili amfukuze bata wa jirani, akakimbia kabla hajajua kutembea. Mama alilisimulia jambo hilo mpaka uzeeni, na kila mwaka bata alizidi kuwa mkubwa.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1947 hadi 1953, kisha chuo cha ualimu, alikomaliza Juni 1959. Huko chuoni padre mmoja alimfundisha vitu viwili: kucheza mpira, na kuandika kila kitu kwenye daftari. Mpira aliupenda sana. Daftari alilipenda kupita kiasi, na mtaona kwa nini nasema hivyo.

Baada ya kufundisha watoto wadogo miaka mitano, Septemba 1964 aliingia shule yetu ya sekondari hapa Gisenyi kuwa mwalimu wa hesabu na kocha wa mpira. Alikaa miaka thelathini na minne. Vikombe vya mkoa alileta kumi na kimoja. Vimo kabatini, na kimoja mama mpishi alipandia maua. Kila Ijumaa jioni alisimama kwenye ngazi ya darasa, akafungua daftari na kusoma kikosi cha Jumamosi: namba, halafu jina. Aliyeitwa alitakiwa aruke mbele na kuitika kwa nguvu, "Niko!" Ukiitika kwa sauti ya chini alikusoma upya mpaka watu wacheke. Humo daftarini aliandika pia kwao kila mchezaji, kilima na nyumba, ili wakati wa likizo ajue pa kuwafuata kwa mazoezi.

Alifunga ndoa na Dative, binti wa Birere, Goma, Jumamosi tarehe 6 Agosti 1966. Siku hiyohiyo timu ilikuwa na mechi. Watu wakiwa bado wanakula, bwana harusi akatoweka. Dative akamfuata uwanjani na gauni lake jeupe, akaketi kwenye benchi ya wachezaji wa akiba, akamwuliza mbele ya watu, "Théo, leo umeoa mimi ao umeoa mupira?" Akajibiwa, "Bon, ngoja kwanza, imebaki dakika kumi." Walishinda mbili kwa moja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Aimable na Liliane.

Sasa niseme lile. Ningependa nilipite, na nilimwambia hivyo kaka mwenyewe. Akanijibu, "Vere, usinifue kama jezi. Sema yote." Basi nasema.

Aprili 1994 shule zilikuwa zimefungwa kwa Pasaka na wanafunzi wako makwao. Kaka na Dative walikuwa wamekwenda Goma kwenye msiba wa baba mkwe, siku tatu tu. Daftari lilibaki kabatini katika chumba cha walimu. Mtu yule aliyefunga hata dirisha la choo, safari hiyo hakufunga kabati, kwa sababu alitaka kapteni aweze kuchukua mipira. Mauaji yakaanza, naye akakwama ng'ambo. Aliporudi Agosti, mipira yote ilikuwepo na daftari halikuwepo. Katika vijana kumi na wanane walioandikwa humo, saba walikuwa wameuawa majumbani mwao. Alijiambia labda ni bahati mbaya. Alijiambia hivyo mwaka mzima, akiwa halali.

Mwaka 1995 alikuja shuleni mtoto wa miaka kumi na mitatu kutoka Mudende, peke yake, hana mzazi wala ndugu. Anaitwa Callixte. Kaka yake mkubwa, Karenzi, alikuwa kipa wetu, na alikuwa mmoja wa wale saba. Théoneste na Dative wakamchukua Callixte akae kwao awe mtoto wao. Siku moja wakimenya viazi jikoni, mtoto akasimulia bila kuulizwa. Alisema siku ile yeye alikuwa ndani ya ghala la viazi. Watu walisimama uani, mmoja wao akasoma kwenye daftari, "Namba moja, Karenzi." Na Karenzi akaitika, "Niko!" kama alivyozoeshwa, akatoka.

 Kaka aliweka kisu chini, akatoka akaenda nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo hakuandika tena jina la mchezaji, wala hakulisoma. Na Callixte hakuwa anaitika jina lake, shuleni wala nyumbani. Ukimwita Callixte, anakauka. Tukazoea kumwita Kipa, kwa kuwa na yeye alishika glavu, basi ikawa hivyo.

Mnaikumbuka hofu ya 1997 na 1998, hakuna haja ya kuwaeleza. Wale abacengezi, waasi wa kujipenyeza, walikuwa wakishuka kutoka msituni, na tulisikia wanaingia mashuleni. Tulilala na viatu miguuni. Tairi ikipasuka barabarani soko zima lililala chini, nami nimelalia sambaza zangu zaidi ya mara moja. Wazazi walimsihi kaka avunje timu. Hakuvunja, ila mazoezi aliyahamishia saa sita mchana, jua kali, ili kila mtu awe kwao mapema. Kikosi hakukisoma. Alipita katikati ya vijana akiwa kimya na jezi begani, akamtazama mmoja machoni, akamwekea jezi mikononi, akaenda kwa mwingine. Vijana walidhani ni mtindo wake. Mimi nilijua, Dative alijua. Kila alipomfikia Kipa, alimpa jezi akitazama chini.

Alistaafu Jumamosi tarehe 11 Julai 1998. Sherehe ilianza saa nne asubuhi ili iishe mapema, na askari walisimama kwenye pembe nne za uwanja. Mkuu wa shule wa sasa, ambaye ni mgeni hapa, alitaka kumfurahisha. Maskini, hakujua. Alikuwa ametafuta majina ya wachezaji wote wa miaka thelathini na minne, akayaandika kwenye karatasi ndefu, akashika kipaza sauti na kuanza kusoma. Jina la kwanza, kimya. La pili, kimya. Nikaona wamama wanasimama, wanavuta watoto kwa mkono; tangu 1994 orodha ya majina kwao ni kifo. La tano halijasomwa, nusu ya watu wamefika getini, wengine wanakimbia, na hata askari wameanza kushika bunduki vibaya. Ee Mungu! Kaka akavuka jukwaa, akachukua ile karatasi taratibu, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kipa tulimpata baada ya saa moja, nyuma ya kuni za jikoni, kajikunja na mikono kichwani. Kaka alipewa zawadi ya redio na betri zake, tukarudi nyumbani. Niliposema, "Kaka, sasa umepumzika," akanijibu, "Sijastaafu, Vere. Huyu mtoto sijamwambia."

Alianza kuugua Oktoba mwaka jana. Ilikuwa ini. Alitibiwa hapa na Goma, vita vilipofunga njia akatibiwa hapa tu, na kufikia Januari nguo zilikuwa zinamzidi. Maumivu hakuyaogopa. Alichoogopa ni kumwambia Callixte, na aliogopa vilevile kufa kabla ya kumwambia. Mara nne alimwita chumbani, na mara nne akamwuliza habari za mazoezi.

Jumapili tarehe 28 Februari alimwambia. Nilikuwepo, nimeshika kikombe cha uji. Alisema, "Mwanangu, lile daftari waliloshika lilikuwa langu. Mi ndo niliandika nyumba yenu mule. Kabati sikufunga."  Callixte akauliza swali moja tu: "Na kuitika, ni wewe ulimufundisha?" Kaka akasema, "Ni mimi." Mtoto akaweka glavu zake kitandani, akatoka. Hajarudi nyumbani. Nimesikia yuko Nyamyumba na watu wa mitumbwi.

Kaka aliishi siku tisa baada ya hapo, glavu ziko kando yake. Aliniagiza hivi: "Siku ya kunizika usome majina ya watoto wangu kwa sauti, na la huyu mtoto usome. Majina niliyoandika mimi yaliposomwa, aliyeitika alikufa. Nataka lake lisomwe mara moja, mutu aitike, na kusitokee kitu." Nikamkasirikia. Nilimwambia, "Wewe unakwenda zako, sisi tunabaki na watu na woga wao. Wakikimbia tena? Na asipoitika?" Akasema, "Asipoitika, usimulazimishe. Lakini usome." Alifariki Jumanne tarehe 9 Machi 1999, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa kwa Dative. Alikuwa na miaka sitini.

Kwa hiyo leo, Ijumaa tarehe 12 Machi, nitasoma yale majina ambayo nafasi yake mmeiona wazi kwenye karatasi. Wakati naandika haya sijui kama Callixte atakuja. Naomba msikimbie. Mlinde njia kwa macho kama mnataka, mshikane mikono, lakini msikimbie. Ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wajukuu wawili na mimi. Ukisikia jina lako, itika.

Dative. Aimable. Liliane. Larissa na Cyusa, wajukuu. Mimi Verediane: niko. Na Callixte.

Mungu ampe kaka yangu usingizi ambao miaka hii mitano hakuupata.

Haya ya chini nimeyaongeza kwa kalamu Jumamosi, siku ya pili, kwenye nakala ninayompelekea binti yangu Denyse huko Kigoma, ambaye hakuweza kuja.

Nilisoma kando ya kaburi. Dative aliitika, kisha watoto wake, kisha wajukuu kwa sauti zao ndogo. Watu hawakukimbia, ila walikuwa wamesimama wote, hakuna aliyeketi, na mama mmoja alikuwa amemfunika mwanawe kwa kanga. Nikaitika langu. Nikasema, "Callixte."

Hakuitika. Dative akanishika nguo. Niliogopa, Denyse, nikawaza kwamba nimemtia mtoto wa watu aibu mbele ya mji mzima. Kaka alisema nisimlazimishe. Nikaanza kuikunja karatasi.

Ndipo nikasikia kutoka nyuma, kwa wale wavuvi wa Nyamyumba: "Shangazi, soma kwanza ya Karenzi. Ni yeye mukubwa."

Ilikuwa kweli, mkubwa hutajwa kwanza, na mimi sikuwa nimemwandika. Nikasoma, "Karenzi." Tukangoja. Hakuna aliyeitika, na hakuna aliyesogea. Askari mmoja barabarani alivua kofia. Tulingoja muda ambao ungemtosha mtu kutoka ndani ya nyumba mpaka uani.

Kisha nikasoma tena, "Callixte."

"Niko."

Akapita katikati ya watu na suruali yake ya mtumbwini, imelowa mpaka magotini. Hakunitazama. Alichukua koleo mikononi mwa Aimable, akaanza kufukia kaburi.