Nili Ndani ya Gundi

Ndugu zangu wa chama, na wazee wangu, shikamooni. Mmezoea kunisikia nikilia matangani, leo mnisikie nikisema. Nimeambiwa nisitaje majina. Nitayataja.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kubandika karatasi za maua ukutani, katika nyumba za Wahindi na za Waswahili wenye uwezo hapa mjini. Mimi nilimpikia gundi ya unga wa muhogo. Ikiiva, yeye mwenyewe aliitia mrututu, ile dawa ya buluu, mende wasiile. Sikumuuliza dawa hiyo aliitengeneza vipi. Nilijua tu kwamba gundi nzuri ni ya buluu.

Alipofariki, shemeji yangu Mabula akaja kutoka Busisi, ng'ambo ya ziwa. "Shemeji, mjini utakula nini? Kusanya vyombo, twende nikurithi." Nikamwambia kazi ya marehemu naijua. Akacheka. Wazee wakamwambia angoje mpaka mvua ziishe, nikishindwa, anichukue.

Nikaanza hapo hapo chumbani kwangu Mirongo. Gundi nilipika uani, karatasi nilizikatia kitandani, maana meza sikuwa nayo. Kazi ya kwanza nilipewa na Bi Sharifa: chumba cha binti yake aliyekuwa anaolewa. Mrututu nikamwagiza jirani yangu Kasimu, aliyekuwa akibeba magunia dukani. Akaleta pakiti. "Nimekutwangia kabisa, dada, usijichoshe." Nilimshukuru, ndugu zangu. Na wali nikampakulia.

Chumba kilipendeza. Kisha, harusi ikikaribia, Bi Sharifa akaniita. "Weka sikio hapa." Nikaweka. Ukuta ulikuwa unatafuna. Nyuma ya maua yale mende walikuwa wanakula gundi yangu, na sisi tunawasikiliza. Nikabonyeza kwa viganja, kama kwamba mende anazuiwa kwa kiganja. Siku ya harusi karatasi ilikuwa inaning'inia vipande vipande. Shangazi wa bwana harusi akachungulia, akasema, "Ala, kumbe bibi harusi mmemwandalia banda la kuku."

Mabula hakungoja mvua ziishe. Nikapandishwa mtumbwi. Huko Busisi nililima shamba ambalo si langu, nikalala kwa mwanamume ambaye sikumtaka. Nawaambieni ukweli, sikupigana. Ningepigania nini? Niliamini mkono wangu ndio mbovu.

Msimu mwingine wa mvua ulikuwa umepita nilipomwona Bi Sharifa anashuka mtumbwini, kashika viatu mkononi. Hata maji hakunywa.

"Mwanangu, ile dawa yako ya mende uliyoisahau kwangu, dobi ameitia kwenye kanzu za mzee."

"Bi mkubwa, ile ni sumu."

"Sumu gani? Kanzu zimetakata, jirani wanauliza tumenunua mpya. Ni nili ile."

Nikaketi chini. Nili, ya kufulia nguo. Rangi ni ile ile, ila mende haimdhuru hata kidogo.

Bi Sharifa akaifunua kanzu mbele ya wazee wa Busisi, akawaeleza. Wakamuuliza Mabula kama alijua. Akaapa kwamba hajui. Kama yeye ndiye aliyemtuma Kasimu, au Kasimu alitamani chenji tu, maana nili ni rahisi kuliko mrututu, sijui mpaka leo. Wote wawili wamekana. Wazee wakaniachia nirudi.

Nimekibandika upya chumba kile, na leo naitwa kazini mpaka mtaa wa Pasiansi. Lakini maisha niliyoyaacha Busisi hakuna aliyenirudishia.

Namshukuru Bi Sharifa. Hakuwa na sababu ya kuvuka maji kwa ajili ya mtu aliyemwaibisha mbele ya wakwe. Nawashukuru na nyinyi mlionipa sufuria niliporudi mikono mitupu. Neno langu kwenu ni hili: kitu kinachokulisha usikijue kwa rangi tu. Mrututu sasa nanunua mwenyewe, ukiwa bado mawe, natwanga mwenyewe.

Kasimu yupo, ameketi pale karibu na mlango. Simfukuzi, chama ni chetu sote. Nina ombi moja tu: siku nikifa, asitumwe yeye kununua sanda.