Siku Mbah Masduki Alipokataa Kupiga Ngoma

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Nyie mlioko majumbani, mlioko mabandani mkikata tumbaku, na wewe uliyelala na redio kifuani, karibuni. Ni mimi yule yule, Endang. Leo sauti yangu nzito, mtanivumilia. Nimetoka msibani, na msiba wa kwetu mnaujua, mtu hakai. Unamenya vitunguu, unaosha vikombe, unapokea wageni, mpaka miguu inawaka moto.

Leo tunamkumbuka mzee wetu, Mbah Masduki wa Kalisuren. Muadhini. Mpiga ngoma wa msikiti. Amefariki Jumatatu baada ya swala ya Alasiri, amelala ubavu kwenye kitanda chake cha mianzi. Nairudia kwa aliyechelewa kufungua redio: ni Mbah Masduki wa Kalisuren, muadhini, mume wa Mbah Saudah, baba yake Wahyuni. Tumeshamzika.

Kalisuren ni kwetu pia. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mpita njia. Mengine nimeyaona, mengine nimeambiwa na Mbah Saudah jikoni, tukiwa tumekaa kwenye vigoda, wote hoi.

Wasikilizaji wapendwa, Mbah Masduki aliishika ngoma ile ya barazani msikitini akiwa kijana hajaota ndevu. Mzee aliyekuwa akiipiga alifariki msimu wa kuvuna tumbaku, watu wote wako mashambani, na yeye ndiye aliyekuwa karibu. Wakamwambia, "Masduki, hebu shika kwa leo tu." Akaishika kwa leo tu. Ile leo ikawa maisha yake yote.

Ngoma kwanza, adhana baadaye. Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha. Kila siku. Alilima tumbaku kama sisi sote wa mlima huu, lakini shamba lake lilikuwa lile la karibu na msikiti, kwa sababu la juu lingemchelewesha. Hakulala nje ya kijiji. Binti yake Wahyuni aliolewa Semarang, akajenga, akamwekea baba chumba chenye feni. Mbah Masduki alikwenda asubuhi, akakisifu chumba, akageuza na basi la saa tatu aiwahi Adhuhuri.

Siku ya harusi yake mwenyewe, wasikilizaji, maharusi wamekaa jukwaani, wageni wanapanga mstari kutoa mkono wa pongezi, Magharibi ikaingia. Bwana harusi akasimama na maua yake shingoni akaenda kupiga ngoma. Mbah Saudah aliniambia, "Watu wakanipa mkono mimi na kiti chake kitupu. Nikajua hapo hapo nimeolewa mke wa pili. Mke mkubwa ni ile ngoma." Alicheka alipokuwa akisema, lakini hakucheka sana.

Na sauti alikuwa nayo, tusimpunje. Enzi zake ilifika mashamba ya juu kabisa bila kipaza sauti. Mama yangu alikuwa akiinjika wali kwa adhana yake ya Alasiri.

Lakini binadamu si chuma. Miaka ikaenda. Vumbi la tumbaku likamkaa kifuani. Adhana ikawa inakatika katikati, kikohozi kinaingia, tunasubiri, halafu inaendelea kutoka pale ilipoishia. Alfajiri ikawa inachelewa kidogo, kisha zaidi ya kidogo. Alikuwa akikaa barazani kati ya Magharibi na Isha kwa sababu akirudi nyumbani magoti yanakataa kumrudisha tena.

Na sisi tulisema nini? Hatukusema kitu. Mnatujua sisi watu wa Java. Tunaweza kumwona mtu amevaa shati kinyume, tukamsifia kitambaa.

Yeye mwenyewe aliuliza. Hili nataka mlisikie vizuri, aliuliza. Akikutana na mtu njiani alikuwa akisimama, anashika kiuno, anauliza, "Eti, bado nafaa mimi?" Na kila mtu alijibu, "Bado sana, Mbah! Msikiti utakuwaje bila wewe?" Aliwauliza vijana, akajibiwa hivyo. Alimuuliza imamu, akajibiwa hivyo. Alimuuliza Kang Turmudi, ambaye kila mtu alijua ndiye atakayeshika baada yake, na Kang Turmudi akajibu, "Mimi bado najifunza, Mbah." Kang Turmudi huyo ana wajukuu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuliubeba kwa midomo, yeye akaubeba kwa mgongo.

Sasa nije kwenye ile Ramadhani, ya mwaka jana. Kijiji kizima tunaijua, ila hatuitaji.

Siku hiyo sikuwa zamu hapa studio, nilikuwa kwetu. Ukungu ulishuka kutoka mlimani tangu Alasiri, mzito, kuku wakaingia bandani mapema. Mbah Masduki alikuwa barazani akisubiri Magharibi. Njaa, baridi, uzee. Usingizi ukampitia. Alipozinduka, giza. Akafikiri amelala mpaka muda umepita, na watu wote wako na njaa wakimngoja yeye. Hakutazama saa. Aliruka, akaipiga ngoma, akaadhini.

Basi tukafuturu. Nani angengoja? Chai ya sukari, tempe ya soya ya kukaanga, ndizi za tui. Shemeji yangu alikuwa na ndizi mdomoni pale redio, redio hii hii, ilipokuwa bado inasoma Kurani ya kungojea Magharibi. Tukatazamana. Shemeji akaitafuna ile ndizi polepole, kama mtu anayetafuna kokoto. Alipoimeza ndipo adhana ya redio ikaanza.

Nyumba zote hivyo hivyo. Kijiji kizima kimekula mchana.

Msikitini watu walikwenda kimya. Hakuna aliyemgombeza. Imamu akasema taratibu, "Ukungu ulitudanganya sote." Watu wakaitikia, ndiyo, ukungu, ukungu wa mwaka huu ni mbaya. Mbah Masduki akasimama. Akachukua kipaza sauti, na tuliobaki majumbani tukamsikia.

Alisema, "Msiusingizie ukungu. Nililala. Kila aliyetia kitu mdomoni analipa siku moja baada ya Idi. Nisameheni. Na mimi naomba nipumzike."

Naomba nipumzike. Alisema hivyo, kwa kipaza sauti, kijiji kizima kikisikia.

Mnafikiri tulimruhusu? Baada ya tarawehe wakamjia nyumbani na vikapu. Wali wa kunata, sukari, msuli mpya wa kuvaa. Wakamwambia, siku moja tu, Mbah, siku moja si kitu. Wakamwambia ngoma haitalia vizuri mkononi mwa mtu mwingine. Wengine walilia. Kang Turmudi alikuwepo, akaulizwa mbele ya watu kama yuko tayari, akainama mpaka paji la uso karibu liguse mkeka, akasema hastahili hata kulishika lile gongo la ngoma. Basi Mbah Masduki akawashukuru. Alfajiri akaamka, akaenda.

Mbah Saudah aliniambia, "Walipoondoka alikaa na ule msuli mpya mapajani. Hakuufungua."

Idi ikaja. Ikapita. Watu wakaanza kulipa ile siku yao. Mbah Masduki alikuwa ameshailipa mapema, wa kwanza. Yeye na mkewe wakawa wanazunguka majumbani kuombana radhi, kama kawaida yetu. Nyumba ya kwanza wakamwekea chai na vitumbua. Akawaambia, "Tunywe basi." Wakasema, "Tumeshakunywa, Mbah, kunywa wewe." Nyumba ya pili, tumeshakunywa. Nyumba ya tatu, mwenye nyumba midomo imemkauka, anatabasamu, tumeshakunywa, Mbah. Wote wamefunga. Wanalipa alichowasababishia, na wanamficha asijue.

Ilikuwa ni heshima, wasikilizaji. Nami nyumbani kwangu nilimwekea chai. Lakini heshima ile ilimchoma.

Walirudi nyumbani. Akakaa kizingitini akamuuliza mkewe lile swali alilowauliza watu wote isipokuwa yeye. "Mama Wahyuni, bado nafaa mimi?"

Mbah Saudah alikuwa anavua kandambili. Aliniambia kwamba siku hiyo alichoka hata kudanganya. Akamjibu, "Baba Wahyuni, sauti yako imekwisha zamani. Kila alfajiri ukitoka mimi nakaa kitandani nimeshika shuka, naomba usikohoe mbele za watu."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa ungeniacha nikae na kiti tena. Ukiwa na huzuni huwa unakwenda kule kule kwenye ngoma."

Kisha akasema, "Ahsante." Akaenda kulala, na Mbah Saudah anasema usiku ule alikoroma kama kijana.

Kesho yake alfajiri alikwenda, kwa sababu hakutaka kumshtukiza mtu gizani. Lakini Adhuhuri, wasikilizaji wapendwa, Adhuhuri hakwenda.

Alikaa mlangoni kwake, jua la utosi, kila mtu anamwona, anamenya karanga. Yu Painem, muuza tempe, akapita na beseni lake. Akamwambia kwa adabu, "Mbah, muda umefika."

"Naam, umefika," akajibu. Akaendelea kumenya karanga.

Yu Painem akasimama. "Mbah, unaumwa?"

"Siumwi. Nimestaafu."

"Nani kakustaafisha?"

"Nyie mmekataa, nimejistaafisha. Nenda kamwambie Turmudi."

Yu Painem akatua beseni lake hapo hapo njiani akatimua mbio, na mama yule kwa unene wake hatukuwahi kumwona akikimbia. Kang Turmudi alikuwa shambani, matope mpaka magotini. Na huku kijiji kimenyamaza. Muda wa Adhuhuri umeingia, ngoma hailii. Watu wakatoka milangoni. Wanamtazama Mbah Masduki. Yeye anatazama karanga.

Mbah Saudah alikuwa nyuma yake, ndani. Anasema aliona karanga zinamdondoka mumewe. Mara akaanza kuinuka. Alikuwa anakwenda. Mbah Saudah akamkamata msuli kwa nyuma. "Kaa," akamwambia.

"Watu watachelewa swala."

"Watachelewa. Kaa."

Akakaa. Wakangoja hivyo, mke kashika msuli, mume kashika bakuli la karanga. Mpaka ngoma ikalia. Ililia vibaya kwanza, mpigaji ana pumzi za mbio. Kisha Kang Turmudi akaadhini.

Tulikuwa hatujawahi kumsikia. Miaka yote ile, hatujawahi kumsikia. Sauti yake ilikuwa nzuri. Nzuri kuliko ya Mbah Masduki hata enzi zake, nasema kweli, na msema kweli mpenzi wa Mungu. Watu wakainamisha vichwa. Nadhani kila mmoja alikuwa anahesabu ni muda gani tumemchosha mmoja na kumziba mdomo mwingine, halafu tukajiita watu wema.

Mbah Masduki alisikiliza mpaka mwisho. Alilia, mkewe anasema, alilia hasa, maana kumbe hakuhitajika kiasi kile. Iliuma. Baadaye akafuta uso, akamwambia Mbah Saudah, "Nilidhani hamtaamka bila mimi. Mnaweza kuamka. Basi na mimi nilale."

Wakaenda msikitini pamoja. Tangu waoane, yeye hutangulia, mke anafuata na majirani. Siku hiyo walikwenda sambamba, polepole kwa ajili ya magoti, na tuliokuwa milangoni tukajifanya tunafagia.

Kustaafu hakukuwa rahisi, tusijidanganye. Wiki za mwanzo alikuwa akizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza funguo. Akaenda Semarang, akalala kwenye kile chumba chenye feni, akapata mafua. Alilala sana. Alikuwa na uchovu wa kuanzia ujana, mkewe anasema, ukawa unamtoka kidogo kidogo. Wahyuni alituambia juzi makaburini, "Baba alichoka zamani. Ninyi mlichelewa kumruhusu." Hakusema kwa hasira.

Amefariki mwezi huu wa Shaabani. Hakuifikia Ramadhani nyingine.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio yetu natoa pole kwa Mbah Saudah, kwa Wahyuni na watoto wake, na kwa Kang Turmudi, aliyemwadhinia hadi kaburini kwa sauti ambayo haikukatika. Mwenyezi Mungu amlaze pema.

Na wewe unayenisikiliza, huenda nyumbani kwako yuko anayeuliza, eti bado nafaa mimi? Anaweza kuwa mama yako dukani, mwalimu, dereva. Anaweza kuwa ni wewe. Usimjibu haraka. Kaa naye. Mtazame magoti yake, msikilize pumzi yake, kisha umwambie ukweli kwa upole, naye aamue mwenyewe akiwa bado ana siku za kutumia. Mimi pia nimeanza kuulizwa hapa ofisini nitapumzika lini, na jibu sinalo bado.

Jana usiku wageni walipokwisha, tumebaki wawili jikoni, nilimuuliza Mbah Saudah ule muda wao, toka ile Adhuhuri mpaka Jumatatu, ulikuwaje. Alikuwa anafuta vikombe. Alikimaliza kile cha mkononi, akakipindua.

Akasema, "Mfupi."