Mzee Haule na Matumizi ya Mwezi

Baada ya miaka thelathini na nne ya kusoma kipima mvua kila saa tatu asubuhi, Mzee Silvanus Haule anastaafu tarehe 30 Juni. Hajawahi kukisoma kipimo hicho bila kukisalimu kwanza kwa heshima ya kwetu, “Kamwene.” Kuna wakubwa wa hapa hawajawahi kusalimiwa hivyo.

Alitoka Mlangali akiwa kijana mwembamba, akapangiwa kituo chetu cha hali ya hewa Makambako, akaoa, akajenga Mahongole. Kazi yake haina doa. Ugomvi wake ulikuwa mmoja tu: fedha za umma zinazorushwa angani kwa roketi na setilaiti. Chai ikifika, Mzee anaanza: watu wanarusha mabati juu huko, na uzio wa kituo umeegemea mkaratusi! Ole wako uwe hujamaliza chapati.

Mwaka 2014 alisikia redioni habari za safari za mwezini. Akabandika ubaoni tangazo la herufi kubwa: MATUMIZI YA MWEZI NI UFUJAJI. Pini ilikuwa yangu, nakiri. Lo! Meneja akaitisha kikao cha dharura. Mhasibu wetu, Methodi, akaingia na mafaili mpaka kidevuni, jasho linamtoka na baridi yote ile, akatetea matumizi ya mwezi mzima hadi sabuni ya choo. Ilipita saa nzima ndipo Mzee akauliza, kwa upole, sabuni imefikaje mwezini. Methodi hajanisamehe mpaka leo.

Mzaha uliisha Julai ya mwaka juzi. Picha za setilaiti zilionyesha anga safi lisilo na wingu, tukawatumia wakulima ujumbe: sakitu, ule umande unaoganda na kuunguza majani, inakuja, funikeni mazao. Mzee akagoma kufunika viazi vyake. Setilaiti haijawahi kukanyaga kinyungu, shamba la bondeni, itajuaje baridi ya huko? Mkewe, Mama Dainess, hakubishana. Alibeba nyasi akafunika nusu ya viazi, akasema hiyo ndiyo nusu yake. Kulipokucha nusu moja ilikuwa kijani, nyingine imeungua nyeusi. Mzee alikuja kazini, akasoma kipimajoto, akaandika nyuzi mbili chini ya sifuri bila kupunguza hata nukta. Siku hiyo, kwa kweli, tulimwonea huruma.

Mwezi ujao tunafungiwa mtambo unaotuma vipimo wenyewe kupitia setilaiti. Mzee alikosa raha kabisa, akihofia kipimo chake kitang'olewa na miaka thelathini na nne itaonekana kazi bure. Hakutaka zawadi ya godoro wala saa ya ukutani. Aliomba kipimo kibaki. Meneja amekubali, maana mtambo nao unahitaji wa kuusahihisha. Prisila, mwenzetu wa hapa kituoni, ndiye atakayekisoma, na Kamwene ameshafundishwa.

Jana nilichungulia daftari la Mzee. Kwenye safu ya maoni ameandika: “Matumizi ya mwezi: naunga mkono, ila wakitaka kurusha wanipigie simu kwanza.”

Mzee Haule, asante kwa mvua zote ulizotupimia. Mungu akupe afya na mapumziko matamu pale Mahongole. Ujumbe wetu wa sakitu ukiingia, funika na nusu yako.