Kibaba cha Mfuto: Kumuaga Mwalimu Eustakio Mnali

Tarehe 31 Desemba 1958 Mwalimu Eustakio Mnali atakabidhi ufunguo wa kabati la vitabu vya Kiingereza, na utumishi wake wa miaka ishirini na saba na miezi miwili utakuwa umekwisha. Kabati lenyewe limebaki na bawaba moja. Mwalimu atakayelirithi alifungue kwa mikono miwili, kama alivyozoea yeye.

Kamati ya sherehe ilitaka wasifu huu uandikwe na mwalimu mkuu, mwenye kalamu nzuri kuliko yangu. Mwalimu Eustakio akakataa. "Aandike Saadi, karani wetu," alisema. "Na asipunguze wala asizidishe." Waliokuwamo ofisini walitazamana, kwa sababu wanajua habari za nyumbani kwetu. Kwa miaka tisa na zaidi watu wa Ruangwa, na wa hapa Nachingwea pia, wamesema kwamba Mwalimu Eustakio ndiye aliyemponza mdogo wangu, marehemu Saburi. Nimewasikia sokoni, nimewasikia msibani, na sijawahi kumkatiza hata mmoja. Leo nitaeleza ilivyokuwa. Ila nianze na kazi yake, maana ndiyo iliyotukutanisha.

Wazazi wake ni Wamakua waliovuka Ruvuma wakitokea Msumbiji. Alisoma kwa mapadre, na tarehe 1 Novemba 1931 akaanza kufundisha katika shule ya vyumba viwili huko Ruangwa. Kiingereza alikifundisha kama alivyofundishwa: neno moja la kwao, neno moja la kwetu, na mwisho wa mstari nukta. Mwanafunzi aliyeuliza kwa nini Mwingereza kasema hivi na si vile alijibiwa kwamba Mwingereza ana sababu zake.

Mwaka 1947 matrekta yalikuja Nachingwea kufyeka pori ili karanga zilimwe. Kampuni moja ndogo, iliyopewa kipande cha pori ikifyeke, ilitafuta mkalimani, naye akaacha chaki kwa muda. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika kampuni hiyohiyo. Ndipo tulipojuana.

Wazee wa Nambambo, kijiji jirani na kambi yetu, hawajausahau mkutano wake wa kwanza. Bwana mmoja mgeni alipanda juu ya pipa akasema kwamba nchi hii itageuka bustani, na hakuna mtoto atakayelala na njaa tena. Mwalimu alitafsiri neno kwa neno, kwa sauti ya kanisani. Kesho yake Bibi Mwamina, mkulima wa hapo, alifika kambini na kikapu kichwani.

"Mwalimu, nimekuja kuiona hiyo bustani. Mlango wake uko upande gani?"

"Bado, bibi."

"Aa, bado! Na watoto wasilale na njaa kuanzia leo au kuanzia Jumatatu?"

Tulicheka siku nzima, na Mwalimu alicheka pamoja nasi. Hakuna aliyeona kwamba bibi huyo alikuwa ameupima usemi wa mgeni vizuri kuliko sisi tuliosoma.

Sasa nifike kwenye Jumanne ya tarehe 12 Aprili 1949.

Masika yalikuwa makali na matope yalikuwa yamekamata magari yote isipokuwa lori moja. Saa nne asubuhi ilifika barua kutoka kambi ya Mbwemkuru. Aliyeanza safari nayo kwa baiskeli aliikabidhi njia panda kwa tarishi mwingine, na huyu wa pili hakujua chochote ila kwamba ameambiwa aifikishe. Bwana mkubwa alikuwa Lindi, kwa hiyo Mwalimu aliifungua na kuisoma mbele yangu. Aliyeiandika ni msimamizi Mwingereza, mtu mzima mpole asiyepaza sauti. Ilisema: dereva mmoja amegongwa kidogo, asubuhi hii hayuko hodari sana, huenda ingefaa lori lipite, kama si usumbufu mkubwa.

Jina la dereva halikuandikwa.

Watu husema kwamba Mwalimu aliisoma barua, akaidharau, akalipeleka lori kwingine. Sivyo. Aliisoma, akaikunja, akaikunjua tena. Akasema, "Huyu bwana hajawahi kuomba lori." Alisema hivyo mara mbili. Mimi ndiye niliyecheka. Nilimwambia, "Mwalimu, si wewe umesoma hapo kwamba ni kidogo? Tena anasema kama si usumbufu. Nambambo hawana maji ya kunywa tangu jana." Hati ya safari ya lori ilitiwa sahihi na karani wa stoo, na karani wa stoo nilikuwa mimi. Niliandika Nambambo kwanza, Mbwemkuru baadaye. Mwalimu hakuwa na amri juu ya lori. Alibaki ameshika barua, na mapipa yakapakiwa.

Kule Mbwemkuru mnyororo unaofungwa kati ya matrekta mawili ili kung'oa miti ulikuwa umekatika na kumpiga tumboni dereva aliyeshuka kuukagua. Lori lilifika kwake saa nane mchana. Lilirudi kwetu saa kumi na moja, likiwa na mtu ndani ya turubai. Nililitambua pindo la suruali la mguu wa kushoto. Saburi alikuwa akilikunja mara mbili, la kulia hakulikunja kabisa, na nilikuwa nimemtania kwa hilo tangu utoto wake. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Kawaida yake, kabla hajamwamkia mtu, ilikuwa kumuuliza kwanza, "Umekula?"

Tulimzika Nandagala, kwa mama yetu, Bi Mwanawetu. Yule msimamizi alikuja, akasimama nyuma ya watu na kofia mkononi. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye kola. Alimwambia Mwalimu maneno machache, naye Mwalimu hakuyatafsiri papo hapo. Baadaye nilimuuliza bwana yule alisema nini. Akanijibu kwamba bwana alisema ni jambo la kusikitisha kidogo.

"Kidogo," Mwalimu alirudia. "Umemwona alivyokuwa, Saadi? Hicho ndicho kidogo chao."

Kisha mama aliuliza ni nani aliyelizuia lori. Aliuliza akiwa ameketi chini, bila kumtazama mtu. Mimi nilikuwa karibu yake kuliko wote. Mwalimu ndiye aliyesogea mbele.

"Barua niliisoma mimi, mama."

"Ukasomaje?"

"Nilisoma vibaya."

"Basi usiniite mama."

Nilisikia yote, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nitasema arobaini ikipita. Ilipopita nikajiambia nitasema mavuno yakiisha.

Mwaka 1951 matrekta yakaondoka, karanga hazikuonekana, na Mwalimu akarudi kwenye ualimu, safari hii katika shule yetu hii ya kati, ambako nami niliajiriwa karani. Hapa ndipo alipoifanya kazi ambayo wanafunzi wake watamkumbuka nayo. Siku ya kwanza aliingia darasani na kibaba cha bati, kile kipimo kidogo cha kupimia nafaka, akakiweka mezani. Akawaambia kwamba kila msemaji ana kipimo chake, na kwamba kujua maneno ya Kiingereza bila kujua kipimo cha anayeyasema ni kununua mtama umefumba macho.

Mwingereza anapozidisha, alisema, anakuonyesha pishi nzima, yaani vibaba vinne, nawe ukimimina unapata kibaba. Hiyo ndiyo ile bustani ya Nambambo. Anapopunguza, anakupa kibaba mkononi, na ndani yake kuna pishi. Ukikipokea kwa mkono mmoja, kitakuvunja. Anapokebehi, amekigeuza kibaba chini juu: anakusifu huku anakusema. Anapofunika jambo baya kwa neno laini, ametandika kitambaa juu. Wewe inua kitambaa. Anaporudia neno mara tatu, anakigonga kibaba chini ili nafaka ishuke na ienee. Na swali lisilongoja jibu ni kibaba kitupu kinachopitishwa, kila msikilizaji atie chake kimoyomoyo.

Hilo la mwisho liliwatesa. Mkaguzi alikuja mwaka 1953, akalihutubia darasa la saba, akauliza kwa mbwembwe: ni nani hapa asiyetaka kuwa mtu wa faida kwa nchi yake? Kipriani, aliyeketi mstari wa mbele, akanyoosha kidole. "Mimi, bwana. Mimi nataka kuwa fundi cherehani." Mkaguzi akacheka hadi akavua miwani. Kipriani sasa ana cherehani yake karibu na stesheni, na suruali ya Mwalimu ya siku ya sherehe ameishona yeye.

Mwalimu hakumwadhibu. Aliwapa darasa zima zoezi alilowapa kila mwaka. Aliandika ubaoni sentensi moja ya Kiingereza, akawataka waseme msemaji ni nani, anaona aibu kusema nini, na angeandikaje kama mgonjwa angekuwa ndugu yake wa tumbo moja. Sentensi yenyewe haikubadilika kwa miaka saba. Ni ile ya dereva aliyegongwa kidogo. Nilikuwa nikipita dirishani na madaftari ya mahudhurio, na kila mwaka niliiona ubaoni kwa mwandiko wake ulionyooka. Wanafunzi hawakujua ilikotoka. Mwaka jana, katika wanafunzi thelathini na wanane, thelathini na wawili waliipima sawasawa. Aliniletea hesabu hiyo ofisini, akaiweka mezani pangu.

Kazi hiyo haikubaki darasani. Mwaka 1955 watu wa Nambambo walipokea barua ya Kiingereza kutoka ofisi moja, ikiwashukuru kwa subira yao na kuwaarifu kwamba mipaka ya mashamba yao itatazamwa upya wakati utakapofaa. Vijana waliosoma waliwaambia wazee kwamba ni barua ya adabu. Bibi Mwamina akaibeba mpaka hapa shuleni.

"Mwalimu, hii nayo ni bustani?"

Aliisoma akiwa amesimama. "Hii ina kitambaa juu, bibi. Wanataka kuwahamisha, na msipojibu mwezi huu mtakuwa mmekubali."

"Na hayo mashukurani?"

"Wanakushukuru kwa kitu ambacho hujawapa bado."

Walijibu ndani ya siku kumi, na Mwalimu ndiye aliyewaandikia. Mashamba wanayalima hadi leo. Bibi Mwamina alimletea kuku wawili, na mmoja akamrukia mwalimu mkuu.

Wengine wangeishia hapo. Mimi nimeambiwa nisipunguze.

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, Mwalimu Eustakio alichukua baiskeli akaenda Nandagala kumwamkia mama yangu. Kila mwaka mama aliingia ndani na kufunga mlango. Alikaa nje kitambo kwenye kigoda, akazungumza na majirani juu ya mvua, akarudi. Mwaka 1952 mama alimsemesha mara moja, kupitia mlangoni, kwa maneno ya barua ile aliyokwisha kusimuliwa. "Mwanangu hayuko hodari sana leo, mwalimu. Kapite siku nyingine." Mimi nilikuwa ndani, nimeketi naye. Ningeweza kusimama na kuufungua mlango ule. Ulikuwa wa mabua.

Mama alifariki mwaka 1956 akiwa hajampa mkono. Baada ya mazishi nilimfuata Mwalimu kwenye baiskeli yake, nikamuuliza kwa nini hakumwambia mama kwamba lori nililituma mimi. Alikuwa akikaza mnyororo wa baiskeli, akaendelea kuukaza.

"Mama yako alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja," alisema. "Nimwondolee na huyo?"

Tangu siku hiyo nimefanya kazi naye miaka miwili zaidi, meza yangu na yake zikitenganishwa na ukuta wa matofali mabichi, na bado sikumwambia mtu. Ilikuwa rahisi. Mtu akishazoea kuona jirani yake akibeba mzigo, huanza kudhani mzigo ni wa jirani.

Basi wasomaji wa kijitabu hiki, wazazi, walimu wenzangu, na ninyi wa Ruangwa mtakaosomewa: Mwalimu Eustakio Mnali aliisoma barua ile kama ilivyoandikwa, na akaitilia shaka. Mimi niliicheka shaka yake na kulituma lori Nambambo. Saburi alikuwa ndugu yangu. Mwalimu alilichukua kosa langu pamoja na lake, akafungiwa mlango kwa ajili ya langu miaka saba, na kwa lake dogo akaifundisha wilaya nzima kusoma. Aliyechelewa kusema ni mimi, na nimechelewa kwa mtu mmoja ambaye hatasikia.

Tunamshukuru kwa miaka ishirini na saba. Tunamshukuru mkewe, Bi Magreti, aliyemngoja kila Aprili na hakuuliza amekaribishwa au la. Wanaondoka kwenda kulima mihogo yao karibu na Mbwemkuru, mahali alipopachagua yeye mwenyewe. Nilimshauri achague kwingine, akakataa.

Shule itampa saa ya ukutani. Mimi nitampa kibaba cha mama yangu, kile cha mti alichopimia mtama sokoni Ruangwa. Mama alikuwa akikijaza, kisha akapitisha kijiti juu yake hadi nafaka ikae sawa na ukingo, bila kilele na bila upungufu. Kipimo hicho huitwa mfuto, na wateja wake walimwamini kwa hicho. Nitakijaza mwenyewe asubuhi ya sherehe, na nitakipitishia kijiti mbele ya watu.

Mwalimu Eustakio, tunakutakia maisha mema. Nimeipitishia kijiti sentensi hiyo.

Saadi Kaimu, karani wa shule
Nachingwea, Desemba 1958