Ozella Broadnax na Wimbo wa "Cheka Nikuone"

Marehemu Ozella Pettway Broadnax alizaliwa tarehe 9 Machi 1940 karibu na Helena, Arkansas, mtoto wa tano wa Mzee Isom Pettway na Bi. Leotha, waliolima pamba katika shamba la watu.

Alisoma shule ya watu weusi ya huko, iliyofungwa kila msimu wa kuchuma pamba, akamaliza mwaka 1958 na kuhamia Memphis kwa shangazi yake. Shangazi ndiye aliyemleta kwenye kwaya ya kanisa hili. Marehemu alikuwa mwoga mno wa kutazamwa, hivyo mwalimu wa kwaya akamsimamisha nyuma ya nguzo. Waumini wakawa wanageuza shingo kutafuta sauti inatokea wapi.

Juni 1962 alifunga ndoa na Harlan Broadnax, mpiga kinanda na mtunzi. Walijaliwa watoto wawili, Lorraine na Isom. Mchana marehemu alipiga pasi kwa dobi; jioni aliitikia nyimbo za wengine studio.

Tarehe 21 Oktoba 1966 alipewa kwa mara ya kwanza kurekodi wimbo kwa jina lake mwenyewe, "Cheka Nikuone". Harlan alikuwa ameutunga. Marehemu alisoma maneno yake palepale studio, na ubeti wa kwanza ulimsifu mwanamke mwenye mwanya. Marehemu hakuwa na mwanya. Wapigaji wote walilijua hilo, na mpiga ngoma akaanza kukaza ngoma iliyokwisha kukazwa.

"Harlan, mimi nina mwanya?"

"Ni wimbo tu, Ozella."

"Sijauliza habari za wimbo."

Harlan akainamia kinanda. Mwenye studio akataka waahirishe, marehemu akakataa. "Washa mitambo," alisema. "Na wewe, Harlan, usiangalie kinanda. Niangalie mimi mpaka mwisho."

Aliuimba mara moja tu. Pale sauti inapopasuka, ambapo wapenzi wengi husikia mahaba, ni mke anayesubiri jibu. Harlan alikosea kinanda mara mbili, na makosa hayo yamo hadi leo. Jibu alilitoa nje, kando ya barabara: mwanamke aliitwa Verlene Stokes, naye alikuwa mjamzito. Jioni hiyohiyo marehemu alimfungia Harlan nguo zake akamtoa nyumbani.

Wimbo ukapendwa nchi nzima. Watu waliupiga kwenye harusi zao, na marehemu akawa anashangiliwa mji hadi mji kwa kusifu tabasamu la mwanamke mwingine. Harlan alikuja hapa kanisani kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho. Marehemu hakugeuka.

Verlene alifariki kwa ugonjwa wa figo mwaka 1970. Wiki iliyofuata, Harlan alisimama barazani kwa marehemu akiwa amemshika mkono binti wa miaka mitatu. Ndugu walikuwa mezani. Wote wakaacha kula.

"Ukimfungulia huyo," shangazi alimwambia, "utachekwa kuanzia hapa mpaka Arkansas."

Marehemu alisimama mlangoni akimtazama mtoto.

"Amekula?"

"Tangu asubuhi, hapana."

"Mtoto aingie. Wewe kaa hapohapo nje kwanza."

Kwa karibu mwaka mzima Harlan alipokuja kumwona mtoto aliishia hapo nje, kabla ya kurudishwa ndani, nao wakaishi pamoja hadi alipofariki mwaka 2003. Mtoto huyo ni mimi ninayewasomea.

Mwanzoni mwa 2016 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Siku moja hospitalini muuguzi alifungulia redio, wimbo ule ukawa unapigwa, nami nikakimbilia kuizima. Mama akanishika mkono. Aliusikiliza wote.

"Siku ile nilikuwa na hasira hata sikuisikia sauti yangu," aliniambia. "Kumbe niliimba vizuri."

Alifariki tarehe 3 Novemba 2016, alfajiri, sisi watoto wake tukiwa kando yake.

Ameacha watoto watatu, Lorraine, Isom na Delphine, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Bwana ampe pumziko la amani. Leo kwaya itamwimbia yeye.