Oldřich Vondra na Safari Zake za Vuli

Mimi ni Alena, binti wa marehemu. Mama ameniomba nisome wasifu wake, na nitajitahidi nifike mwisho.

Mzee Oldřich Vondra alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 hapa kijijini, nje kidogo ya mji wa Žatec, mtoto wa pili wa Alois na Hedvika Vondra. Alisoma shule ya kijiji, kisha chuo cha kilimo, akahitimu mwaka 1969.

Kwa miaka thelathini na minane alisimamia tanuri la kukaushia hopsi, zao linaloipa bia uchungu wake. Alizisugua viganjani, akanusa, akajua kama zimekauka. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Tarehe 5 Juni 1976 alimwoa Květa. Walijaliwa Radim, mwaka 1978, na mimi miaka mitatu baadaye.

Septemba 1998 Radim alikwenda Ufaransa kuvuna zabibu. Ilikuja kadi moja kutoka Beaune: zabibu tamu, mgongo unauma, Krismasi nitakuwa nyumbani. Hakurudi. Polisi walisema ni mtu mzima, ana hiari ya kwenda atakako.

Vuli iliyofuata, hopsi zilipokwisha kukaushwa, Baba na Mama walipakia picha zake kwenye gari letu la Škoda wakaondoka. Tangu hapo walisafiri kila vuli, wiki sita, wakifuata wavunaji wa zabibu: Burgundy, Rioja, Piemonte, Mosel. Walilala garini. Majirani waliwaonea wivu, wakidhani ni matembezi ya wapendanao, na Baba hakuwasahihisha.

Mwaka 2006, huko Douro, Ureno, msimamizi mmoja aliitazama picha akasema kijana huyo yuko shamba la juu. Mama alipanda mlima akikimbia, akamkumbatia kwa nyuma. Kijana akageuka. Alikuwa Mromania, jina lake Costel. Akamwambia kwa Kijerumani cha kuungaunga, “Mama, mimi siye. Lakini kaeni mle kwanza.” Wakala naye mkate na dagaa. Kesho yake Baba alimsaidia kukata zabibu hadi adhuhuri.

Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa, alikaa dirishani Oktoba nzima na koti lake amelivaa.

Kiangazi cha 2021 alianza kukohoa damu. Daktari alimpangia upasuaji wa pafu mwezi wa kumi. Alijibu, “Mwezi wa kumi nina safari. Niwekee wa kumi na moja.” Mama hakuambiwa. Mimi niligundua walipokuwa wameshafika Mosel, Ujerumani, nikampigia simu nikimsihi arudi. Nilimwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyabeba miaka ishirini na mitatu.

“Baba, na mimi je? Mimi si mtoto wako?”

Nikasikia anavyohangaika kuvuta pumzi.

“Wewe najua ulipo, Alena,” akasema. “Yeye sijui hata kama ana baridi.”

Nilikata simu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho.

Tarehe 19 Oktoba, asubuhi, alikuwa akibandika picha kwenye kibanda cha kituo cha basi katika kijiji kimoja huko. Mama, aliyekuwa garini akikata vipande vya utepe wa gundi, alimwona akiketi chini. Alipomfikia alikuwa ameshakata roho. Walikuwa wamesafiri vuli ishirini na mbili.

Nilipokwenda kuwachukua, Mama hakukubali kuondoka mpaka nimalize kubandika picha zilizokuwa zimebaki mkononi mwa Baba. Zilikuwa tisa. Nilizibandika.

Marehemu ameacha mjane, Květa, dada yake, Jarmila, binti, mimi, na wajukuu wawili. Mchapaji wa ratiba hii ya mazishi aliuliza Radim tumwandike wapi, kwa walioachwa au kwa waliotangulia. Mama alichukua kalamu akaandika mwenyewe: ameacha mwana, Radim.

Mungu ampumzishe Baba, maana sisi hatukuweza.